Mtoto mpole, tone la damu na metali inayowaka nyekundu

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala saa tatu tu, lakini hili nililoahidi wiki iliyopita sitaki liendelee kusubiri. Ni refu. Nimelikata vipande ili mtu aweze kusoma huku ananyonyesha.

(1)

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la wengine mtasema nesi anajipendelea.

Miaka mitano iliyopita nilikuwa kliniki ya watoto, siku ya chanjo, benchi limejaa mpaka mlangoni. Akaja mama mmoja kijana, uzazi wa kwanza, na mtoto wa kiume wa wiki sita. (Amenipa ruhusa nisimulie, mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike.) Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Mtoto anasumbua usiku?" Akasema, "Wala, Nesi. Huyu mpole mno. Namwamsha mwenyewe anyonye, na akinyonya kidogo keshalala." Nikacheka. Nikamwambia, "Una bahati wewe." Mama mwingine kwenye benchi akadakia, "Tubadilishane basi, wangu ananikesha!" Kicheko kikapita benchi zima. Tukaendelea.

Nikampima uzito, nikaweka alama kwenye kadi, nikamchoma sindano. Akalia. Sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu mzima mwenye mafua. Niliisikia. Nikaona kitovu kimetokeza, nikasema kitarudi, na kweli vingi hurudi. Macho yalikuwa na unjano kwa mbali. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsindikiza, akasema mtoto anapata choo baada ya siku nne tano. Nikamjibu kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa hivyo, jambo ambalo si uongo. Mnaona? Kila kimoja nilikuwa na jibu lake. Hakuna mahali nilipokaa nikavijumlisha.

Alipoletwa kwa chanjo ya surua, miezi tisa, hakuwa anakaa. Shingo yenyewe ilikuwa bado inalegea. Mwenzangu ndiye aliyeshtuka, akaandika rufaa. Wakapima damu, majibu yakaja: tezi ya shingoni haikuumbika. Ameanza dawa akiwa na miezi kumi. Kidonge kimoja kwa siku, na baada ya wiki chache mtoto akawa kama ameamshwa usingizini: anageuza kichwa, analia kwa nguvu, anapata choo. Mama yake alinipigia simu analia kwa furaha. Mimi nililia baadaye, peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kilichobaki. Amekuja kutembea karibu na miaka mitatu. Sasa anakaribia mitano na maneno yake ni machache, yanahesabika kwa vidole. Ile miezi kumi haikurudi.

(2)

Ugonjwa wenyewe ni upungufu wa homoni ya tezi wa kuzaliwa nao. Tezi ninayosema ni ile ya mbele ya shingo, ile ambayo ikivimba kwa mtu mzima tunasema ana goita. Homoni yake ndiyo inayoendesha mwili mzima: joto, moyo, utumbo, ukuaji wa mifupa. Kwa mtoto kuna kazi moja zaidi, nayo haina mbadala: kuujenga ubongo katika miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Mtoto wa namna hii akiwa tumboni anasaidiwa na homoni ya mama yake inayopita kwenye kondo. Ndiyo maana anazaliwa vizuri, kilo zake tatu, analia, tunampongeza mama, tunamruhusu kesho yake. Dalili zinakuja polepole. Unjano usioisha baada ya wiki mbili. Usingizi mwingi. Kunyonya kivivu. Choo kigumu au cha nadra. Sauti ya kukwaruza. Ulimi mkubwa unaochungulia nje. Kitovu kutokeza, mwili kulegea, ngozi baridi na kavu, utosi wa nyuma kuwa mpana. Wengi hawana hata moja ya hizi mwezi wa kwanza, na hapo ndipo ubongo unapoumia zaidi. Dawa inatakiwa ianze ndani ya wiki mbili za kwanza ikiwezekana. Akianza mapema hivyo, watoto wengi wanakua, wanasoma, wanagombana na wenzao kama mtoto mwingine yeyote.

Duniani, kwa nchi zinazopima, anapatikana mmoja kati ya watoto 2,000 hadi 4,000. Tanzania wanazaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu: hata ukichukua ile ya chini, ni watoto 500 kila mwaka, na ya juu ni 1,000. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, kwa sababu huwezi kuwa na takwimu ya kitu usichokipima.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwenu: SI KOSA LA MAMA. Yule mama mkwe alisema ni ule udongo ambao mwali wake alikuwa anautafuna akiwa mjamzito. Wengine wakasema chango. Chumvi yenye madini joto tuendelee kuitumia, inazuia upungufu wa aina nyingine na goita kwa familia nzima. Lakini kwa watoto wengi wenye tatizo hili tezi haikuumbika tu, au ilikaa mahali pasipo pake, na hakuna chakula alichokula au alichoacha mama ambacho kingebadilisha.

(3)

Sasa swali la dada mmoja wiki iliyopita, ndilo lililonifanya niandike yote haya: "Nesi, tone moja la damu, tena imekauka kwenye karatasi, mashine inaona nini humo?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Twende taratibu.

Kinachotafutwa ni homoni iitwayo TSH. Hii haitoki kwenye tezi ya shingoni, inatoka chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha tezi ifanye kazi. Fikiria mama anamwita mtoto akachote maji. Mtoto akiitika, mama anatulia. Asipoitika, mama anapaza sauti, anapaza tena, mpaka majirani wanasikia. Tezi isipoitika, TSH inapanda. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana kwa mtoto wa siku tatu, tunajua kuna tezi isiyoitika.

Tatizo ni kwamba hata ikipanda, bado ni kidogo mno. Kwenye kadi wanatoboa kiduara cha milimita 3, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto, na humo ndimo wanatafuta. Ni lazima uipachike hiyo TSH alama inayoonekana. Na hapa ndipo inapoingia metali yenyewe: europiamu.

Europiamu ni namba 63 kwenye lile jedwali la elementi la sekondari. Ni moja ya yale madini adimu 17 mnayoyasikia kwenye taarifa ya habari. Mkemia Mfaransa, Eugène-Anatole Demarçay, ndiye aliyeitenga mwaka 1901, akaipa jina la bara la Ulaya. "Adimu" lenyewe linatudanganya kidogo, maana kwenye ganda la dunia europiamu ni nyingi kuliko fedha ile ya kutengenezea pete. Shida yake ni kwamba imetawanyika, na imechanganyika na ndugu zake wanaofanana nayo kitabia kiasi kwamba kuwatenganisha ni kazi ngumu.

Mmeshaiona bila kujua. Ile TV ya chogo iliyokuwa sebuleni kwa bibi, rangi yake nyekundu ilitoka kwa europiamu. Ukiimulika kwa mwanga kama ule wa taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, nayo ikiwa imefungwa kwenye molekuli inayofaa, inawaka nyekundu safi.

Sasa maabara wanafanya hivi. Kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kimepakwa kingamwili zinazoijua TSH. Unaweka kile kiduara cha karatasi na maji yake, damu inatoka kwenye karatasi, TSH inanaswa. Halafu zinaongezwa kingamwili nyingine, nazo zinaijua TSH lakini kwa upande mwingine, na hizi zimebeba europiamu mgongoni. Panapokuwa na TSH, zinabaki zimeshikamana. Pasipokuwa nayo, zinaoshwa zinaondoka na maji. Kisha unamimina dawa inayoivua ile europiamu kutoka kwenye kingamwili na kuivisha vazi jipya ambalo ndani yake inang'aa kwa nguvu sana. Kilichobaki ni kuhesabu mwanga.

Lakini ngoja. Karatasi yenyewe inang'aa kidogo ukiimulika. Damu nayo. Plastiki nayo. Utajuaje huu ni mwanga wa europiamu na si wa sahani?

Hapa mimi ndipo nilipoipenda hii metali. Umewahi kutembea usiku kijijini, gari likaja na taa kali usoni? Huoni kitu. Lipite, usubiri kidogo, ndipo unaona kwa mbali kaa la jiko la mtu linawaka. Kaa lilikuwepo muda wote. Basi mashine inafanya hivyohivyo. Inapiga mwanga mara moja, kama kamera. Vitu vya kawaida vinang'aa na kuzimika ndani ya nanosekunde chache, yaani sekunde moja uigawe vipande bilioni uchukue vichache. Europiamu inaendelea kuwaka kwa mamia ya mikrosekunde, muda mrefu mara maelfu. Mashine inafumba jicho kwa mikrosekunde 400, taa zote za kelele zinazimika, halafu inafumbua na kuhesabu kilichobaki kinawaka. Kisha inarudia, mara elfu moja ndani ya sekunde. Kinachoonekana hapo ni europiamu, na europiamu maana yake TSH.

Njia hii ilikomaa Finland, mji wa Turku, kwenye kampuni iliyoitwa Wallac, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, mikononi mwa watafiti kama Erkki Soini na Ilkka Hemmilä. Na mji huohuo ndiko alikofundisha Johan Gadolin, yule mkemia ambaye mwaka 1794 alichambua jiwe jeusi kutoka Sweden akakuta ndani yake "udongo" usiojulikana, mwanzo wa hadithi nzima ya madini adimu. Sijui kama mji una kumbukumbu, lakini mimi nilitabasamu niliposoma.

Kabla ya hapo alama iliyotumika zaidi ilikuwa mionzi, hasa iodini-125. Inafanya kazi vizuri sana, shida ni kwamba kila baada ya siku 60 nguvu yake inabaki nusu. Sasa wewe agiza vifaa kutoka ng'ambo, vikae bandarini, vikae bohari, vipande basi, vifike mkoani. Utakuta nusu imeshayeyuka njiani, na taka zake huwezi kuzitupa kwenye shimo la kondo. Europiamu hii haina haraka hiyo. Haitoi mionzi, na ikihifadhiwa vizuri inasubiri. Kwa nchi zilizo mbali na viwanda, jambo hilo si dogo.

Watafiti wa dawa nao wanaitumia sana. Wanaifungia europiamu ndani ya molekuli iliyoumbwa kama kizimba, kazi ya asili ya Mfaransa Jean-Marie Lehn aliyegawana Nobeli ya kemia ya 1987, halafu wanatazama protini mbili zikikaribiana au zikiachana. Hayo tuwaachie wao. Mimi nataka kisigino.

(4)

Kabla hamjauliza: hapana, haiingii mwilini mwa mtoto. Mtoto anatoa damu, basi. Europiamu iko maabara, kwenye kishimo cha plastiki, na mtoto keshafika nyumbani zamani. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia bangili ya "madini adimu" ya kumkinga mtoto, au maji yaliyolazwa na jiwe, mwambie nesi amekataza. Ni metali ya kuangalizia, si dawa.

(5)

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda.

Mpaka leo ninapoandika, si Tanzania wala Kenya yenye mpango wa taifa wa kumpima kila mtoto mchanga tezi. Wenzetu Quebec, Canada, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Jean Dussault ndiye aliyeonyesha kwamba inawezekana kwa tone la damu kwenye karatasi. Karatasi yenyewe walishaizoea kutoka kwa Robert Guthrie wa Marekani, aliyeanza kuitumia miaka ya 1960 kwa ugonjwa mwingine. Guthrie alikuwa na mtoto wake mwenye ulemavu wa akili. Nadhani ndiyo maana hakuchoka.

Nusu karne imepita. Nikisema tupime, jibu ninalopewa ni lilelile: nchi maskini, kipimo cha kisasa, tusubiri.

Sikubali, na sababu yangu iko kwenye kabati la kliniki yetu. Kila nesi wa mama na mtoto anaijua kadi ya DBS. Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU akifika wiki nne mpaka sita, tunamchoma kisigino, tunadondosha matone kwenye karatasi nene, tunaiacha ikauke kivulini, tunaifunga kwenye bahasha na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, inakwenda maabara. Inakwenda kwa pikipiki, kwa basi, kwa gari la wilaya lililokuwa linapita. Vituo vya vijijini kabisa vinafanya hivi. Kisigino tunakijua. Kadi tunaijua. Njia ya kwenda maabara tunayo. Kilichobaki ni swali jipya la kuiuliza kadi ileile.

Tena yangekuwa maswali mawili kwa mchomo mmoja. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli duniani, na sikoseli nayo inapimika kwenye tone lililokauka, kwa mashine nyingine isiyohitaji europiamu. Mtoto mmoja, kisigino kimoja. Mtu akiniambia tezi ni ugonjwa wa wachache mno kuutengenezea mpango wake, nakubaliana naye nusu. Basi tuufunge mgongoni mwa sikoseli.

Pingamizi lililonipa shida ni la mwenzangu wa wodi ya wazazi. Alisema, "Dada, siku nyingine hata glavu hatuna, na wewe unataka europiamu?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilienda nalo nyumbani. Glavu zikikosekana ni aibu na lazima tuipigie kelele, ila sijawahi kuona glavu zikiongezeka kwa sababu mtoto wa tezi hakupimwa. Na gharama ya kutopima ipo, sema hailipwi na hospitali. Inalipwa na yule mama ambaye ameacha biashara yake ya vitenge kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto. Anailipa kila siku, na ataendelea kuilipa akiwa bibi.

Mwenzangu alikuwa na hoja nyingine, nayo ni ya kweli zaidi kuliko ya glavu. Wakati mzuri wa kuchoma kisigino ni kuanzia saa 48 baada ya kuzaliwa, kwa sababu siku ya kwanza TSH hupanda yenyewe kwa kila mtoto, ni mshtuko wa kuja duniani, na ukipima hapo utawatisha akina mama bure. Lakini sisi mama aliyejifungua salama tunamruhusu ndani ya saa 24, kitanda kinahitajika. Tutamchoma lini? Hapa Finland wana jambo la kutufundisha: wao walichagua kupima damu ya kitovu, mtoto anapozaliwa tu, kabla ule mshtuko haujaanza. Njia nyingine ni hudhurio la siku ya saba. Siku ya saba si siku ya tatu, lakini si mwezi wa kumi.

Na ugumu kuliko wote hauko kwenye mashine. Majibu yakitoka juu, mtoto anatakiwa apatikane siku hizohizo, apimwe tena kwa damu ya mshipa ili kuhakikisha, maana kadi inatoa onyo tu, haitoi hukumu. Sasa simu ya mama imezimwa, ya baba ni ya jirani, anwani ni "karibu na msikiti". Mpango wowote usiokuwa na mtu wa kupanda pikipiki kwenda kumtafuta mama huyo utakuwa umenunua mashine ya kupigia picha. Ningeulizwa, ningesema anzeni na mkoa mmoja, ajirini watu wa kutafuta kwanza.

Kuna mengine ninayoyasikia kwenye daladala. Watu wanaongelea madini adimu kama bahati nasibu: kilima cha Ngualla kule Songwe, Mrima kule Kwale kwa majirani zetu, Gakara kule Burundi. Ni kweli yapo, na wanachokitafuta zaidi huko ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku. Europiamu huwa ni kipande kidogo sana cha mzigo. Sina ugomvi na sumaku. Ila sijamsikia mtu hata mmoja, iwe kwenye daladala au kwenye taarifa ya habari, akiuliza haya madini yanafanya nini kwa mtoto wa siku tatu. Tunauliza yatauzwa bei gani.

(6)

Ya kufanya sasa hivi, kabla serikali yoyote haijanisikia.

Kipimo cha TSH kwa damu ya mshipa kinapatikana hospitali kubwa nyingi na maabara zake. Huenda mashine yao haitumii europiamu, zipo njia nyingine za kuona, usigombane na mtu wa maabara kwa sababu ya post yangu. Kama mtoto wako ana unjano uliozidi wiki mbili, au analala mno na kunyonya kivivu, au zile dalili za sehemu ya pili mbili tatu zimekutana kwake, nenda kituoni na useme neno lenyewe: "Naomba apimwe tezi, TSH." Wakikwambia ni mtoto mpole tu, sema tena. Mtoto njiti, na mtoto ambaye kwenye familia kuna tatizo la tezi, uliza hata kama huoni dalili. Na njiti mara nyingine hurudiwa kipimo baada ya wiki kadhaa kwa sababu cha kwanza kinaweza kudanganya.

Akikutwa nalo, dawa ni kidonge cha levothairoksini. Kinasagwa, kinachanganywa na maziwa yako kidogo au maji kwenye kijiko, anapewa kila siku, muda uleule. Usikitie kwenye chupa nzima ya maziwa, asipomaliza hujui amekunywa kiasi gani. Usikipe pamoja na dawa ya madini ya chuma au kalisi, wala maziwa ya soya, vinakizuia kufyonzwa. Na usiache kwa sababu mtoto amechangamka. Amechangamka kwa sababu ya kidonge.

Yule mama alijifungua wa pili mwaka jana, msichana. Siku ya tano alinikuta mlangoni sijavaa hata sare, akamfunua mtoto miguu, akaniambia, "Nesi, huyu usinipongeze kwanza." Kituoni kwetu hatukuwa na cha kumpimia. Nilimwandikia rufaa, akapanda basi saa tatu kwenda mkoani, kaka yake mtoto mgongoni mwa shangazi, akalipa mwenyewe. Majibu yalikuwa mazuri. Anasumbua usiku kucha.

Alhamisi nitaandika kuhusu utosi, mmeniuliza sana. Mwenye mtoto mchanga mwenye dalili nilizotaja asisubiri nijibu ujumbe wake, kesho nina zamu ya mchana na simu inabaki kwenye kabati. Aende kituoni asubuhi.